Visoma kadi vya kuingilia na kutokea kwenye mlango mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wenye ofisi, wasimamizi wa majengo na mafundi wanaoanza kazi, kila wanapotaka mlango uwe na kadi pande zote mbili: stoo ya dawa, chumba cha seva, chumba cha fedha cha SACCO, maabara. Yameanza na ya msingi, ya kutatiza yako mwishoni. Mwenye haraka aruke mengine yote lakini asiruke sehemu ya usalama wa watu, maswali ya 12 hadi 15. Kosa la kwingine litakugharimu kifaa. La huko linaweza kugharimu uhai wa mtu.

## Mambo ya msingi

1. Kisoma kadi cha kutokea kina faida gani ikiwa kitufe cha ukutani kinafungua mlango vilevile?

Kitufe hakimuulizi mtu yeye ni nani. Ukiwa na kisoma upande wa nje na kitufe ndani, kumbukumbu zitakuonyesha kwamba mtunza stoo aliingia saa 3:12 asubuhi, basi. Alitoka lini, au bado yumo, hujui. Kisoma cha ndani kinafunga hesabu hiyo, na ndicho kinachokuwezesha kutoa orodha ya waliomo chumbani wakati wowote. Pia aliyeingia kwa kupitia dari au dirishani hawezi kubonyeza kitufe na kutoka na mzigo mlangoni kama mwenye nyumba.

Lakini kama huna haja ya kujua nani alitoka na saa ngapi, usinunue kisoma cha pili. Kitufe kinatosha, na pesa itakayobaki inunulie betri nzuri.

2. Mlango mmoja unahitaji vifaa gani?

Visoma viwili, kidhibiti (kifaa kinachoamua kama mlango ufunguke) chenye nafasi ya visoma viwili kwa mlango mmoja, kufuli la umeme, pawa saplai ya volti 12 yenye betri, sensa ya sumaku ya kuonyesha mlango umefungwa au uko wazi, kisanduku cha kijani cha dharura upande wa ndani, na mkono wa juu unaorudisha mlango. Huo mkono watu huuacha ili kupunguza gharama, kisha wanashangaa kufuli zuri halifungi. Mlango usiojirudisha wenyewe haulindwi na kadi yoyote.

Kabla ya kununua kidhibiti, uliza swali moja: kinabeba milango mingapi ikiwa kila mlango una visoma viwili? Vidhibiti vingi vinavyouzwa kama vya milango minne vina nafasi nne tu za visoma, kwa hiyo ukiweka kadi pande zote vinabeba milango miwili.

3. Kidhibiti kikae wapi?

Ndani ya eneo linalolindwa, kwenye boksi la chuma lenye ufunguo, mahali fundi anapofika kwa ngazi bila kubomoa dari. Kisoma cha nje kazi yake ni kusoma namba na kuipeleka ndani. Uamuzi wa kufungua ufanyike upande ambao mgeni hafiki.

Ndiyo maana sipendekezi vile vifaa vya bei nafuu ambavyo kisoma, kidhibiti na rilei (swichi inayokata au kuunganisha umeme wa kufuli) vimo kwenye boksi moja linalobandikwa nje. Mtu mwenye bisibisi analing'oa ukutani, anagusanisha au kukata waya za kufuli, na mlango unafunguka bila kadi. Kwa chumba cha mikutano sawa. Kwa stoo ya dawa, hapana.

4. Nichague kufuli la sumaku au kitasa cha umeme?

Kufuli la sumaku hushika likiwa na umeme na huachia umeme ukikatika. Lile la kawaida la kilo 280 hula karibu ampea 0.5 kwa volti 12, muda wote mlango ukiwa umefungwa. Kitasa cha umeme kinachotumika sana ni kile kinachobaki kimefungwa umeme ukikatika, na hula umeme sekunde chache tu za kufungua. Aliye ndani anatoka kwa kuzungusha mkono wa mlango kama mlango wowote.

Hapo ndipo kuna mvutano. Mkono wa ndani ukifungua mlango wakati wote, watu watatoka bila kugusa kadi na kisoma chako cha kutokea hakitakuwa na kazi. Kwa hiyo milango mingi yenye kadi pande zote hufungwa kufuli la sumaku, na hilo linaleta wajibu wa dharura ulioelezwa kwenye swali la 13. Kama chumba kina vitu vya thamani na umeme wa eneo lako haueleweki, kitasa kinachobaki kimefungwa ni salama zaidi kwa mali. Kubali tu kwamba kumbukumbu za kutoka zitategemea nidhamu ya watu, na weka kengele ndogo ilie mlango unapofunguliwa bila kadi.

## Kadi na mawasiliano

5. Ninunue kadi za aina gani?

Kadi nyeupe za kilohazi 125 ndizo zilizojaa madukani kwa sababu ni rahisi. Namba yake haina ulinzi wowote: kifaa cha mkononi cha bei ya chini kinainakili kwa sekunde chache, hata kadi ikiwa mfukoni mwa mwenyewe. MIFARE Classic ya megahazi 13.56 ilikuwa bora zaidi, lakini usimbaji wake (njia ya kuficha data kwa ufunguo), Crypto-1, ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Kwa mlango wa maana chukua MIFARE DESFire ya EV2 au EV3, inayotumia usimbaji imara wa AES.

Angalia jambo moja linalowapita wengi. Kadi ya DESFire ikisomwa ile namba yake ya kiwandani peke yake, ulinzi wote uliolipia haujatumika. Kisoma lazima kipangwe kusoma data iliyofungwa kwa ufunguo wako, na ufunguo huo uwe mkononi mwako, usibaki kwa muuzaji pekee.

6. Wiegand na OSDP vinatofautianaje, na nitumie ipi?

Zote ni njia za kisoma kuwasiliana na kidhibiti. Wiegand ni ya zamani. Kisoma kinatuma namba kwa waya mbili, D0 na D1, bila kuificha, na kidhibiti hakiwezi kukiuliza kisoma kama bado kipo. Mtu akifungua kisoma cha nje anaweza kuchomeka kifaa kidogo nyuma yake na kukusanya namba za kila anayepita. Umbali wake ni kama mita 150.

OSDP inapita kwenye RS-485 (njia ya kupitisha data kwa jozi ya waya), inaongea pande zote mbili, ina usimbaji wa AES-128 na inafika hadi mita 1,200. Tangu mwaka 2020 ni kiwango cha kimataifa, IEC 60839-11-5. Kwa mlango wa kadi pande zote kuna nafuu nyingine: visoma viwili vinashiriki jozi moja ya waya, kila kimoja na anwani yake. Kwa kazi mpya chagua OSDP. Kisha hakikisha usimbaji umewashwa na ufunguo wa kiwandani umebadilishwa, kwa sababu visoma vingi hufanya kazi vizuri tu bila huo usimbaji na hakuna atakayegundua.

7. Namba iliyochapishwa kwenye kadi hailingani na inayoonekana kwenye programu. Kadi ni mbovu?

Hapana, ni namba ileile imeandikwa kwa njia mbili. Chukua kadi iliyoandikwa 0012345678 na pembeni 188,24910. Ukizidisha 188 kwa 65,536 ukajumlisha 24,910 unapata 12,345,678. Mpangilio wa Wiegand wa biti 26 una biti 8 za msimbo wa eneo (0 hadi 255), biti 16 za namba ya kadi (0 hadi 65,535) na biti mbili za ukaguzi. Programu moja inaonyesha vipande viwili, nyingine namba nzima.

Kama hesabu haikubali kabisa, huenda kisoma kinageuza mpangilio wa baiti. Muhimu ni visoma vyote viwili vipangwe sawa. Kikiwa cha nje kinatoa namba moja na cha ndani nyingine kwa kadi ileile, watu wataingia na watashindwa kutoka. Usiandikishe kadi kwa kunakili namba iliyochapishwa. Igonge kwenye kisoma, programu ijaze yenyewe.

## Nyaya na ufungaji

8. Naweza kutumia kebo ya mtandao kwa kila kitu?

Kwa OSDP, jozi moja ya kebo ya mtandao hubeba data bila shida katika umbali wa kawaida wa jengo. Kwa Wiegand inawezekana pia, ila usiweke D0 na D1 kwenye jozi moja iliyosokotwa. Kila moja isokotwe na waya wa hasi, la sivyo zinaingiliana na kadi zinasomwa kwa kubahatisha. Bora zaidi ni kebo ya waya sita yenye ngao, na ngao iunganishwe kwenye hasi upande wa kidhibiti tu.

Kwa kufuli, hapana. Fanya hesabu: kufuli la ampea 0.5 kwa volti 12 lina ukinzani wa om 24. Likiwa mita 40 kutoka kwenye saplai, umeme unasafiri mita 80 kwenda na kurudi, na waya mwembamba wa kebo ya mtandao unaongeza karibu om 7. Kufuli linapata volti 9 na kidogo, halishiki kwa nguvu yake, na mtu akisukuma kwa bega mlango unaachia. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali uleule unafikisha kama volti 11.5. Pima volti kwenye vituo vya kufuli lenyewe likiwa limeshika, wala usitosheke na kipimo cha kwenye saplai.

9. Kufuli liunganishwe vipi na rilei?

Chanya ya saplai ipitie kwanza kwenye kisanduku cha kijani, kisha COM ya rilei (kituo cha pamoja), itokee NC (kituo kinachounganika rilei ikiwa imetulia) na kwenda kwenye kufuli la sumaku. Hasi irudi moja kwa moja. Kwa kitasa kinachobaki kimefungwa, tumia COM na NO (kituo kinachounganika rilei ikifanya kazi).

Weka dayodi ya 1N4007 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na vituo vya kufuli, mstari wake wa fedha ukiwa upande wa chanya. Kufuli likikatiwa umeme, koili yake hurusha volti kubwa kinyumenyume, na hiyo ndiyo huchoma ncha za rilei na kugandisha vidhibiti. Makufuli mengine huja na kinga hiyo ndani, soma karatasi yake. Ikiwezekana, kufuli liwe na saplai yake na kidhibiti kiwe na yake.

10. Kadi ikigongwa nje, kisoma cha ndani nacho kinalia. Kwa nini?

Visoma vyako vimepeana mgongo kwenye ukuta mwembamba: kioo, jipsamu au mbao. Uga wa sumaku wa kimoja unavuka upande wa pili. Matokeo ni mabaya kuliko kelele tu, maana mfumo unaandika mtu ameingia na kutoka kwa mguso mmoja. Vitenganishe angalau sentimita 30, kimoja kulia kwa mlango na kingine kushoto, au kimoja juu zaidi. Pasipo nafasi, kipande cha bati katikati husaidia, ila chuma kilichogusana na kisoma hupunguza umbali wa kusoma, kwa hiyo weka kipande cha plastiki cha kukitenga. Fremu ya aluminiamu nayo ina tabia hiyohiyo.

11. Kufuli la sumaku ni jipya, volti ziko sawa, lakini mlango unavutika kwa mkono. Nimekosea nini?

Angalia kile kibati kilichofungwa kwenye mlango. Kinapaswa kucheza kidogo. Kina shimo katikati, boliti moja, na nyuma yake washa ya mpira, ili kufuli likipata umeme kibati kijigeuze na kulala bapa juu ya sumaku. Fundi anayedhani kila boliti ni ya kukazwa mpaka mwisho anakifanya kisimame upande, kinagusa kwa ncha moja, na kilo 280 zote zinapotea. Legeza hadi kibati kitikisike ukikisukuma kwa kidole, halafu jaribu tena. Futa pia vumbi la saruji na rangi ya mchoraji. Hata karatasi nyembamba katikati inaonekana kwenye nguvu ya kushika.

Kufuli na kibati vikae upande wa ndani siku zote. Mlango unaofungukia nje hutumia bano la L, unaofungukia ndani bano la ZL, na wa kioo kisicho na fremu bano la U.

## Usalama wa watu

12. Umeme ukikatika, mlango utakuwaje?

Inategemea kufuli (swali la 4) na betri. Kufuli la ampea 0.5 pamoja na kidhibiti na visoma viwili hufika kama ampea 0.8. Betri ya volti 12, saa-ampea 7, kwa karatasi inatoa karibu saa 9. Kwa kazi panga saa 5 au 6 betri ikiwa mpya, na pungufu kadiri inavyozeeka. Joto la kwenye dari la bati huila haraka. Kwenye maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, weka betri kubwa zaidi au kitasa kinachobaki kimefungwa, na andika tarehe ya kufunga juu ya betri kwa kalamu isiyofutika ili mwenzako ajue umri wake.

Betri ikiisha, kufuli la sumaku linaachia na chumba kiko wazi. Mlinzi wa zamu aambiwe hilo mapema, asiligundue usiku.

13. Mtu akiwa ndani na moto umetokea, atatokaje bila kadi?

Lazima atoke. Hili halina mjadala, na fundi anayekubali kufunga kisoma cha kutokea bila njia ya dharura asipewe kazi.

Upande wa ndani, karibu na mlango, pawepo kisanduku cha kijani ambacho mtu akikibonyeza kinakata umeme wa kufuli moja kwa moja. Kikate waya wenyewe. Mafundi wengi huunganisha kisanduku kwenye kidhibiti kama kitufe cha kawaida kwa sababu waya ni mfupi. Kidhibiti kikiganda, rilei ikigandamana au programu ikikosea, kisanduku hicho kinabaki pambo. Chagua chenye seti mbili za ncha: moja ikate kufuli, nyingine ipeleke taarifa kwenye kidhibiti ili king'ora kilie.

Kama jengo lina mfumo wa kengele ya moto, rilei yake nayo ikate umeme wa makufuli ya njia za kutokea, na yasirudi yenyewe hadi mfumo wa moto urekebishwe. Betri isiwe njia ya kuukwepa ukataji huo: ncha za kukata ziwe baada ya betri, kwenye waya unaokwenda kwenye kufuli. Nimeona kazi ambapo rilei ya moto ilikata umeme wa ukutani tu, na betri ikaendelea kushikilia milango kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tunajua mlango uliofungwa unafanya nini. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku na wavulana 67 wakafariki. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hakukuwa na kadi wala sumaku pale, lakini mwili wa binadamu hautofautishi kufuli la komeo na kufuli la umeme.

14. Sheria zinasemaje?

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na ile ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Kwa anayefunga mlango, kipimo cha kushika ni hiki: aliye kazini aweze kufungua njia ya kutokea kwa urahisi na papo hapo akiwa ndani. Kabla ya kukabidhi kazi, muite mkaguzi wa zimamoto aone mlango ukifunguka mbele yake. Ni rahisi kuhamisha kisanduku wiki hii kuliko baada ya ukaguzi wa mwaka.

15. Wafanyakazi wanabonyeza kisanduku cha dharura kila siku ili wasitumie kadi. Nikiondoe?

Usikiondoe, wala usikifunike kwa mbao. Weka kifuniko cha plastiki chenye king'ora kinacholia kikiinuliwa, na tukio liandikwe kwenye kumbukumbu. Kwa kawaida mchezo unaisha baada ya siku chache. Usipoisha, tafuta sababu: mara nyingi kisoma cha ndani kiko mbali, kinachelewa kujibu, au kadi za baadhi ya watu hazikupewa ruhusa ya kutoka.

## Kupanga programu

16. Mfumo unajuaje kipi ni cha kuingia na kipi ni cha kutoka?

Kwa Wiegand, kwa nafasi kilipochomekwa. Kwenye vidhibiti vingi nafasi ya kwanza ya mlango ni kuingia na ya pili kutoka, lakini thibitisha kwa kugonga kadi na kusoma tukio. Kwa OSDP, kwa anwani. Visoma vipya viwili mara nyingi hutoka kiwandani na anwani moja, 0. Ukiviunganisha pamoja hivyo vinagongana na hakuna kinachofanya kazi. Unganisha kimoja, kibadilishe kiwe 1, kisha unganisha cha pili.

17. Kila mtu akitoka, programu inasema mlango umelazimishwa. Tatizo ni nini?

Sensa imeona mlango unafunguka na mfumo haujui kama aliyefungua ameruhusiwa. Aidha kisoma cha kutokea hakijaunganishwa na mlango huo kwenye programu, au watu wanatoka kwa njia nyingine, kama mkono wa ndani wa kitasa. Kisoma kikipangwa sawa, kadi halali hunyamazisha sensa kwa muda uliowekwa. Rilei iachie sekunde 5, na tahadhari ya mlango kuachwa wazi iwe sekunde 30, halafu rekebisha kulingana na watu wanaopita. Stoo yenye mikokoteni inahitaji zaidi. Ila kikibonyezwa kile kisanduku cha kijani, king'ora kinastahili kulia, usikizime.

18. Anti-passback ni nini, na niiwashe?

Ni sheria inayosema kadi iliyoingia haiwezi kuingia tena kabla ya kutoka, na iliyotoka haiwezi kutoka tena kabla ya kuingia. Inazuia mtu kumrushia mwenzake kadi dirishani. Haiwezekani bila visoma pande zote mbili.

Ina sura mbili. Laini inaruhusu mlango ufunguke lakini inaandika kosa. Ngumu inakataa. Anza na laini kwa mwezi mzima. Utaona ni nani wanaofuatana nyuma ya kadi moja, utawaeleza, na ndipo uamue kama ngumu inahitajika. Ushauri wangu ni kuiweka ngumu upande wa kuingia tu na kuiacha laini upande wa kutoka. Mtu aliyeingia nyuma ya mwenzake amekosea, lakini adhabu yake isiwe kufungiwa ndani. Mfumo pia urudishe hesabu sifuri mara moja kwa siku, saa ambayo hakuna zamu. Jengo lenye zamu ya usiku lisitumie saa sita ya usiku kwa mazoea.

19. Ratiba nimeweka vizuri lakini asubuhi kadi zinakataliwa. Nini kimetokea?

Angalia saa ya kidhibiti. Vingi hutoka kiwandani na saa ya nchi nyingine. Afrika Mashariki ni GMT+3 mwaka mzima, bila kubadilisha majira. Angalia pia nani aliingiza ratiba: saa 2 asubuhi ni 08:00 kwenye programu. Nimeshakuta ratiba iliyoandikwa 02:00 hadi 11:00, na ofisi nzima ilikuwa imelaumu kadi.

## Matatizo na hali za pekee

20. Kisoma kinalia na taa inageuka kijani, lakini mlango haufunguki.

Sikiliza rilei kwenye kidhibiti. Ikilia "tik", uamuzi umefanyika na tatizo liko kati ya rilei na kufuli: waya, ncha zilizoungua (swali la 9), au NC na NO zimebadilishana. Isipolia, mlio wa kisoma ni wa kukiri kwamba kimeona kadi tu. Fungua kumbukumbu za matukio usome sababu: ruhusa, ratiba au anti-passback.

21. Kisoma kimoja hakitambui kadi hata moja, kingine kiko sawa.

Kwa Wiegand, shuku kwanza D0 na D1 zimebadilishana. Biti zote zinageuka kinyume, na biti za ukaguzi zinakataa, kwa hiyo kidhibiti kinaitupa namba. Kwenye visoma vingi kijani ni D0 na nyeupe ni D1, lakini soma karatasi ya kifaa chako. Ukikuta zipo sawa, hamishia kisoma kwenye nafasi ya mwenzake. Shida ikihama nacho, kisoma ni kibovu. Ikibaki pale pale, ni waya au kidhibiti.

22. Jengo liko pwani. Kuna la kuzingatia?

Chumvi. Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, vituo vya waya huota kijani na kibati cha kufuli kutu mapema kuliko bara. Kisoma cha nje kiwe cha IP65 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, kebo iingie kwa chini au kwa nyuma ili maji yasifuate waya, na maungio yazibwe kwa jeli au yachomwe risasi badala ya kufungwa tepu. Kibati kifutwe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, tone tu.

23. Nataka milango miwili mfululizo, mmoja usifunguke kabla ya mwingine kufungwa. Inawezekana na kadi pande zote?

Inawezekana, na vyumba vya fedha huihitaji. Kila mlango unakuwa na sensa yake, na kidhibiti kimoja kinasimamia yote miwili. Lakini mtu anaweza kujikuta katikati, kwa hiyo nafasi hiyo ya kati iwe na kisanduku chake cha kijani kinachoachia mlango wa kuelekea nje, taa yenye betri na njia ya kuongea na mlinzi. Kengele ya moto ivunje sharti hilo kabisa, milango yote iachie pamoja.

24. Kumbukumbu za kuingia na kutoka naweza kuzitumia kukata mishahara ya wanaochelewa?

Hizo ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waeleze wafanyakazi kwa maandishi unakusanya nini, kwa kazi gani na utazihifadhi muda gani, kabla ya mfumo kuwashwa. Kama lengo lililotajwa lilikuwa ulinzi wa stoo, usigeuze kimyakimya kuwa mahudhurio. Isitoshe kisoma cha mlango mmoja ni kipimo kibaya cha kazi: aliyetoka kwenda msalani anaonekana ametoka.

25. Kabla ya kupokea kazi kutoka kwa fundi, nijaribu nini?

Gonga kadi halali na isiyo halali pande zote mbili, kisha usome matukio yote manne kwenye programu. Shikilia mlango wazi hadi tahadhari ilie. Zima umeme wa ukutani, uone betri inashika na kadi zinaendelea kusomwa. Chomoa kebo ya mtandao, maana kidhibiti kinapaswa kuendelea kuamua peke yake na kupeleka kumbukumbu baadaye. Badilisha nenosiri la kiwandani ukiwa umesimama hapo hapo.

Halafu fundi abaki nje, wewe uingie ndani bila kadi, betri ikiwa imeunganishwa na kidhibiti kimezimwa. Bonyeza kisanduku cha kijani. Mlango usipofunguka, usisaini wala usilipe salio.